SOMO: Kupanga programu au gemu ya simu kabla ya kuandika msimbo (mfano: bao la kiswahili)

Ujumbe ninaoupokea ni uleule kila mara: "Nina wazo la programu ya simu, nianzie wapi?" Na majibu yangu ni yaleyale. Nimeona niyaweke yote hapa, ili mwenye swali aanze kwa kusoma. Mfano nitakaoutumia ni gemu ya bao la kiswahili kwa sababu nimeijenga mwenyewe na naijua ndani nje. Hata kama wazo lako ni duka, daftari la madeni au ratiba ya daladala, hatua hazibadiliki.

Somo hili ni la kupanga tu. Kuandika msimbo kuna masomo mengi tayari, tena mazuri. Kupanga ndiko kunakorukwa.

Hatua ya 1. Andika wazo kwa sentensi moja. Nani atatumia, atafanya nini, kwa simu ipi. Yangu ilikuwa: "Mtu anayejua bao acheze na mwenzake aliye mbali, kwa simu ya Android ya bei ya chini, hata mtandao ukiwa dhaifu." Ukishindwa kuiandika, wazo halijaiva.

Hatua ya 2. Tazama zilizopo. Tafuta Play Store kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Soma maoni ya nyota moja na mbili. Humo watu wameandika bure kila kinachowakera.

Hatua ya 3. Nenda kwa watu. Usimuulize mtu "ungeitumia programu hii?" Atasema ndiyo, kwa adabu tu, hasa kama anakufahamu. Muulize anafanyaje leo. Mara ya mwisho alicheza bao lini, na nani, waliacha kwa nini? Mwenye duka muombe akuonyeshe daftari lake la madeni, utazame namna anavyoandika. Kaa kimya, andika.

Hatua ya 4. Andika kanuni zote kwenye karatasi, hata zile unazodhani kila mtu anazijua.

Hapa tutakaa, kwa sababu hatua hii mimi niliiruka na toleo langu la kwanza lote likaenda na maji. Bao nimelicheza tangu utotoni, nikaona hakuna haja ya kuandika kitu.

Ubao una safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: sita ndani ya nyumba (shimo maalumu la safu ya mbele), na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 zinabaki mkononi. Mpaka hapo kompyuta inaelewa vizuri. Halafu inakuja namua, ambapo unaingiza kete moja moja kutoka mkononi. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, na kanuni zinabadilika. Mimi niliandika awamu zote mbili kama mchezo mmoja wenye masharti ya pembeni.

Nilipowapa wachezaji wazoefu, mmoja wao alisimama katikati ya mchezo na kusema, "Mbona nyumba yangu imesafiri na mimi sijataka?" Alikuwa na haki. Katika namua, ukiwa umekula (umechukua kete za mpinzani), kete yako ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yako na hapana cha kula mbele yake, ni wewe unayechagua: usimame, au nyumba isafiri, yaani kete zake zichukuliwe na kusambazwa. Ukiwa unatakasa tu (zamu isiyo na kula), unasimama. Programu yangu iliisafirisha nyumba bila kumuuliza mwenyewe.

Mtu atasema si ungeongeza tu kitufe cha kuuliza? Sikuweza. Msimbo wote ulijengwa kwa dhana kwamba mchezaji anachagua shimo mara moja, kisha zamu inakwenda yenyewe mpaka mwisho. Kumuuliza swali katikati ya zamu kulibadilisha mpangilio wa zamu, mwendo wa kete kwenye skrini, na ujumbe unaotumwa kwa simu ya mpinzani. Nikafuta, nikaanza upya. Kanuni ile ingechukua mstari mmoja wa karatasi.

Kwa hiyo mambo haya myazingatie:

Kila penye "isipokuwa" paandikwe. Kwenye bao: ukila katika kimbi (mashimo mawili ya mwisho, kila upande wa safu ya mbele), kete ulizokula zinaanzia kichwa, yaani shimo la mwisho kabisa, cha upande huohuo, huna uchaguzi. Katika mtaji, shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha mlo. Kuna kutakasia (kumzuia mpinzani asicheze shimo fulani), ambako hata wachezaji wa miaka mingi hukueleza kila mtu kwa namna yake. Kanuni za pembeni kama hizo ndizo zinazoamua umbo la msimbo wako.

Andika pia kinachotokea pasipotarajiwa. Katika bao inawezekana zamu moja ikazunguka bila kukoma. Ubaoni watu wataangaliana na kukubaliana. Simu haina wa kukubaliana naye, itazunguka mpaka betri iishe. Lazima uweke kikomo, na uamue mapema kikomo kikifika nani anapata nini.

Usichukue kanuni kwa mtu mmoja. Tafuta watu wa sehemu mbili tofauti, wasomee ulichoandika, uwasikilize wanapobishana. Wanapobishana ndipo unapotakiwa kuamua, na uamuzi wako uandike pamoja na sababu yake.

Na usijidanganye kwamba hili ni la gemu peke yake. Programu ya madeni ya duka: mteja akilipa nusu? Akirudisha mchele uliokuwa na mawe? Wateja wawili wakiitwa Mama Asha? Muuza duka ana jibu la yote hayo kichwani. Wewe huna, na kompyuta haina.

Hatua ya 5. Ichezeshe kwa karatasi. Chora kila skrini kwa penseli, karatasi moja skrini moja. Mtu mmoja anakuwa mtumiaji, anagusa kwa kidole. Wewe ndiye simu: unabadilisha karatasi kila anapogusa, bila kusema neno. Akisita, weka alama. Akiuliza "sasa nifanyeje?", usimjibu, weka alama mbili. Hakuna jaribio la bei rahisi kuliko hili, na sielewi kwa nini watu wanalidharau.

Hatua ya 6. Kata. Toleo la kwanza lifanye jambo moja. Mengine yote yaende kwenye orodha ya "baadaye". Mimi nilikata mazungumzo, picha za wachezaji, mashindano na rangi za ubao. Hakuna aliyelalamika.

Hatua ya 7. Chagua zana. Gemu ndogo ya ubao: Godot inatosha, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Programu ya kawaida: Flutter au Kotlin. Unayoijua tayari ni bora kuliko mpya inayosifiwa.

Hatua ya 8. Jenga, ukijaribu kwenye simu dhaifu tangu siku ya kwanza. Azima simu yenye RAM ya GB 1 au 2, iliyojaa picha, yenye kioo kilichopasuka. Zima data katikati ya mchezo. Piga simu iingie wakati zamu inaendelea. Geuza kioo. Ikinusurika hapo, kwingine itakwenda.

Hatua ya 9. Play Store. Kufungua akaunti ya msanidi ni dola 25, unalipa mara moja tu. Kama ni akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, Google inakutaka kwanza ufanye jaribio la watu walioalikwa tu (closed testing) lenye watu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Zamani ilikuwa watu 20, wakapunguza Desemba 2024. Watafuteni watu hao mapema, wakati bado mnajenga. Wale wa hatua ya 3 ndio wanaofaa. Jina la kifurushi, lile linaloanza na "com", likishapakiwa halibadiliki kamwe, kwa hiyo lisiwe "jaribio2". Faili ya ufunguo wa kusaini ihifadhiwe sehemu mbili tofauti.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

MASWALI NA MAJIBU

kijana_wa_mbagala: Mkuu asante kwa somo. Mimi nina wazo kali sana ambalo halipo Afrika nzima. Naogopa kulisema hapa litaibwa. Nianze na hatua gani?

Mwandishi: Ya kwanza. Ipo juu.

kijana_wa_mbagala: Sawa mkuu, lakini kuhusu kuibiwa hujajibu. Siwezi kulisajili wazo kwanza?

Mwandishi: Huwezi. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna lilivyotolewa: msimbo ulioandika, michoro, maandishi, sauti. Ndivyo ulivyo hata mkataba wa kimataifa wa haki miliki, TRIPS, kifungu cha 9. Jina na nembo unaweza kusajili kama alama ya biashara. Tanzania Bara ni BRELA, Kenya ni KIPI. Ukifika huko utakuwa tayari una kitu cha kusajili. Wazo ambalo hujamwambia mtu hujalijaribu, na wazo ambalo hujalijaribu hujui hata kama lina thamani ya kuibwa.

tajiri_mtarajiwa: Unitengenezee shilingi ngapi programu kama ya Uber lakini ya bodaboda?

Mwandishi: Sitengenezi kwa malipo. Soma hatua ya 2 kisha ya 6.

Binti_Tanga: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha vikoba, akina mama 24. Nimejifunza Flutter kidogo kwa video. Nataka programu ya kuandika hisa na mikopo kwa sababu daftari letu limelowa mvua mara mbili. Nimefanya hatua ya 4 jana usiku, kurasa tisa, bado sijamaliza faini! Swali langu: nimeandika kwamba katibu ndiye anayeingiza kila kitu. Je, ni sahihi? Maana sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti.

Mwandishi: Marahaba dada, na hongera. Kurasa tisa maana yake umefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi.

Swali lako limejijibu penye kufuli. Kufuli tatu zimewekwa ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kufungua sanduku peke yake. Programu yako ikimpa katibu mamlaka ya kuingiza na kubadilisha kila kitu, itakuwa imeziondoa kufuli zote tatu bila kikao kuamua. Wanachama wataliona hilo hata kama hawatalisema. Kwa hiyo fanya hivi: katibu aingize, lakini kikao kisifungwe mpaka washika funguo wawili au watatu waweke namba zao za siri kwenye simu ileile, pale mezani. Kikao kikishafungwa, kisifutike. Kosa lirekebishwe kwa kuandika mstari mpya wa marekebisho, kama mhasibu anavyofanya, ule wa zamani ubaki ukionekana.

Pili, ifanye kazi bila mtandao kabisa. Kikao hakiwezi kusubiri bando.

Tatu, hesabu ya mwisho isomwe kwa sauti, ili hata mwanachama asiyejua kusoma aweze kuikumbuka. Katika vikundi vingi watu hukumbuka salio la kikao kilichopita kwa kichwa, na huo ndio ukaguzi wao. Toa skrini moja yenye namba chache kubwa: fedha sandukuni, mikopo iliyoko nje, mfuko wa jamii. Basi.

Na daftari lisitupwe. Miezi ya mwanzo viendeshwe vyote viwili sambamba, mkilinganisha mwisho wa kila kikao.

Binti_Tanga: Hilo la kufuli sikuwa nimelifikiria. Asante sana. Faini je, niziweke zote?

Mwandishi: Ziandike zote kwenye karatasi. Kwenye toleo la kwanza weka sehemu moja tu: jina, kiasi, sababu. Zikishatumika miezi kadhaa utaona zipi zinajirudia, hizo ndizo utazipa vitufe.

Mzee_wa_Kariakoo: Bao hukulieleza sawa. Sisi tunaanza na kete mbili mbili kila shimo. Hayo ya 22 mkononi umeyatoa wapi?

Mwandishi: Mzee wangu, nimesema bao la kiswahili. Kete mbili mbili mashimo yote 32 zinatimia 64 na mnaanza moja kwa moja na mtaji. Wengi huliita bao la kujifunza. Linachezwa sana na si kosa. Lakini halina namua, na gemu yangu inayo. Sikulieleza vibaya.

Mzee_wa_Kariakoo: Sawa kijana, nimekuelewa. Basi kwa nini usiweke yote mawili?

Mwandishi: Hilo ni swali zuri na nalipokea. Lipo kwenye orodha ya "baadaye", tena juu kabisa, kwa sababu anayejifunza akianzishwa na namua na nyumba anakata tamaa. Kwa vile mtaji wa mchezo mmoja unafanana sana na wa mwingine, nikishatenganisha awamu mbili kwenye msimbo, la kujifunza linapatikana karibu bure. Hiyo ndiyo faida nyingine ya kuandika kanuni kwanza.

mkeka_mkononi: Unaweza kuweka dau? Wachezaji watupiane elfu elfu, wewe ukate asilimia.

Mwandishi: Hapana. Ukishaweka dau umeingia kwenye michezo ya kubahatisha, inayohitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Play Store nayo ina masharti yake kwa programu za aina hiyo. Na sitaki bao liende huko.

Mwanafunzi_UDSM: Habari mwalimu. Mchezaji wa kompyuta ulimjengaje? Nimesoma kuhusu minimax (kompyuta kutazama zamu za mbele za wachezaji wote wawili) darasani ila sijawahi kuitumia.

Mwandishi: Salama, karibu. Anza na mpinzani anayechagua zamu halali yoyote kwa kubahatisha. Usimdharau huyo: ataicheza gemu yako mara maelfu usiku mmoja na kukufichulia hitilafu za kanuni ambazo binadamu asingezifikia. Mwekee sharti moja: baada ya kila zamu, kete zote ubaoni na mikononi zikijumlishwa ziwe 64. Zikipungua au kuzidi, asimame na akuonyeshe ubao.

Halafu mfanye atazame zamu moja mbele na kuchagua ile inayomwachia kete nyingi upande wake. Huyo tayari atawasumbua wanaoanza. Ukifika kwenye minimax utakutana na ugumu wa bao lenyewe: zamu moja inaweza kuzunguka ubao na kubadilisha karibu kila shimo, kwa hiyo ubao unaoonekana mzuri sasa hivi unaweza kugeuka wote baada ya mlo mmoja. Kuhesabu kete peke yake hakutoshi. Pima pia kama nyumba ingali imesimama, na mpinzani ana mashimo mangapi ya kula safu ya mbele. Jaribu uzito tofauti kwa kuwapambanisha wachezaji wako wawili wa kompyuta, uone nani anashinda zaidi. Ukifika hapo niandikie, ningependa sana kuona matokeo.

Mwanafunzi_UDSM: La kuhesabu 64 nimelichukua leo leo.

pwani_254: Kaka, mimi niko Mombasa. Nataka kuuza "nyota" ndani ya gemu yangu, watu walipe kwa M-Pesa kupitia Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa). Inakubalika Play Store?

Mwandishi: Kwa kawaida kitu cha kidijitali kinachotumika ndani ya programu, kama nyota au ngazi mpya, Google wanataka kilipiwe kwa mfumo wao, na wanakata asilimia 15 kwa dola milioni 1 za kwanza za mwaka. Bidhaa na huduma za nje ya simu, kama chakula, nauli au nguo, hizo lipisha kwa M-Pesa bila shida. Daraja ina mazingira ya majaribio, anza huko. Na kumbuka hitilafu kubwa ya malipo ya simu: mteja amelipa, mtandao umekatika, jibu halijafika. Andika kwenye karatasi programu itafanya nini hapo kabla ya kugusa msimbo.

pwani_254: Nimekupata, shukran. Na hizi taarifa za wateja, namba za simu na kadhalika?

Mwandishi: Usichukue usichohitaji. Kenya kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Gemu yangu haichukui hata namba ya simu. Mchezaji anapewa neno la siri la mchezo na kumtumia mwenzake. Kilichoko kwako ndicho unachoweza kuibiwa.

tajiri_mtarajiwa: Nimesoma hatua ya 2. Ziko nyingi za bodaboda. Sasa nifanyeje?

Mwandishi: Umefanya vizuri kutazama. Sasa hatua ya 3: kaa kijiweni na madereva, waulize wanapataje abiria leo na kwa nini wanazima programu walizonazo. Rudi na ulichosikia.

fundi_sauti: Mimi naongezea tu. Sauti za kete kwenye gemu nyingi zinasikika kama plastiki. Tumieni komwe halisi na ubao wa mti, rekodini chumbani penye nguo nyingi ili pasiwe na mwangwi. Kete moja ikianguka shimo tupu ina sauti yake, shimo lenye kete tano ina nyingine.

Mwandishi: Hili ni zuri kabisa. Wachezaji wazoefu husikiliza mashimo hata macho yakiwa kwingine. Ulihifadhi kwa muundo gani? Zangu za WAV zilifanya programu ivimbe.

fundi_sauti: OGG, mono, si stirio. Simu nyingi za bei ya chini zina spika moja, stirio haisikiki. Rekodi sauti nne au tano za kila aina, gemu ichague moja kwa kubahatisha, vinginevyo sikio linachoka haraka.

Binti_Tanga: Komwe nyumbani zipo nyingi, mkomwe umeota uani. Nikurekodie?

fundi_sauti: Rekodi dada, hata kwa simu. Iweke hali ya ndege isiingize mlio wa ujumbe, iweke kwenye kitambaa pembeni ya ubao, isiguse mbao. Kila sauti irudie mara kumi, ukiacha kimya kidogo katikati ili iwe rahisi kukata.